Mara ya Kwanza Kuluva

Basi la kutoka Kampala lilivuka daraja la Pakwach jua likiwa limeshapanda, na Nile ikapita chini yetu, pana, bila haraka. Ng'ambo ndiyo West Nile. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeisoma nchi hii kwa sababu ya ugonjwa mmoja, limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo huku kwetu mara nyingi hujitokeza kwenye taya. Sasa niliiona yenyewe: mihogo imeanikwa juu ya mawe, miembe, akina mama wa Kilugbara na mizigo ya soko kichwani. Ukitoka Nebbi, kabla hujaingia mjini Arua, unafika Kuluva.

Hospitali hii ya misheni iliendeshwa na ndugu wawili madaktari, Ted na Peter Williams. Mwaka 1961 Ted alifuatana na Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, na daktari mwenzao Cliff Nelson, katika gari kuukuu aina ya Ford. Walikwenda kusini mwa Afrika na kurudi, takriban kilomita 16,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na picha mkononi: mmewahi kumwona mtoto aliyevimba hivi? Majibu yalichora ramani. Ugonjwa ulikaa penye joto na mvua, ukaacha nyanda za baridi kama Kigezi. Leo sababu inaeleweka: malaria isiyokoma, pamoja na kirusi cha Epstein-Barr, kilichoonekana mwaka 1964 huko London katika chembe za uvimbe zilizotoka Kampala.

Mimi namheshimu Ted zaidi kwa kazi aliyoifanya baada ya kurudi, ambayo haina sifa za safari. Aliandika kila mgonjwa: kijiji chake, tarehe ugonjwa ulipoanza. Kumbukumbu hizo za 1961 hadi 1965 zilionyesha kuwa watoto walikuwa wakiugua kwa mafungu, mahali pamoja, wakati mmoja. Kwa sababu wilaya ya West Nile ilikuwa imefahamika hivyo, watafiti walirudi kuanzia mwaka 1972 kuchukua damu za watoto wapatao 42,000, wakangoja. Matokeo ya 1978 yalionyesha kuwa waliokuja kuugua walikuwa na kingamwili nyingi mno za kirusi kile tangu wakiwa wazima.

Kutoka Kuluva nilipanda boda hadi kituo cha afya cha Ajia. Muuguzi mmoja pale alinipa kiti kivulini, akanieleza anavyomchunguza mtoto.

"Mgeni wangu, wazazi husema ni jino," alisema. "Mimi namwambia mtoto, fungua kinywa. Meno yakilegea na hajaanguka popote, nashika tumbo, natazama macho. Simng'oi jino hata moja."

Yuko sahihi. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na wiki zinazopotea kwa kung'oa meno hazirudi. Jibu la hakika hutoka kwenye kipande cha uvimbe chini ya darubini. Baada ya hapo huja dripu nyingi ya maji, kwa sababu chembe zikifa kwa pamoja taka zake huzidi nguvu za figo, kisha dawa za saratani, siklofosfamaidi na wenzake. Tangu miaka ya sitini ilijulikana kuwa siklofosfamaidi huyeyusha uvimbe wa taya kwa siku chache, na wapo watoto waliopona kabisa. Ni saratani inayotibika. Ndiyo maana kila kifo chake kinaniuma.

Niliuliza wagonjwa wake huwapeleka wapi. Wengine hospitali ya Lacor, Gulu. Wengine Mulago, Kampala. Huko hulazwa, huruhusiwa, huitwa tena kwa dozi nyingine, na mama amewaacha watoto wadogo nyumbani na shamba limeota magugu.

"Dozi ya kwanza wanakwenda wote," akasema. "Mimi nawapigia simu kabla ya ya pili. Nauliza kwanza, shangazi gani atakaa na wadogo? Mambo ya nauli tunayazungumza baadaye."