Punia: Nyumba ya kupangisha ikigeuka mzigo

Hapa Punia, bei ya kasiterite ikipanda, matofali yanapanda nayo. Ikishuka, milango inafungwa. Wazee wanakumbuka mwaka 1985, bei ya bati ilipoanguka duniani na kampuni ya SOMINKI ikaanza kuyumba. Wengine tunakumbuka tarehe 11 Septemba 2010, Serikali iliposimamisha uchimbaji katika Maniema na Kivu zote mbili, mpaka mwezi wa tatu 2011. Na mwanzoni mwa 2022 tani moja ya bati ilipita dola 40,000 huko London. Kufika mwezi wa kumi ilikuwa chini ya 20,000.

Marehemu kaka yangu alijenga nyumba ya pili wakati huo wa bei nzuri, ili apangishie wanunuzi wa madini. Alikopa dola 3,000 kwa mfanyabiashara mmoja na kumwachia karatasi za parseli. Bei ikashuka, wapangaji wakarudi Kindu, kaka akafariki. Matanga hayajaisha, mkopeshaji akaja kusema nyumba ni yake tayari. Shemeji yangu hakuitaka ile nyumba. Aliogopa tu kwamba hata ile anayolala na watoto itafuata.

Tulimwona avoka Kindu. Alitufundisha jambo ambalo kila familia hapa ingefaa kulijua: kushika karatasi za mtu si kushika nyumba yake. Kwa sheria ya 1973, ardhi ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu yake inathibitishwa na cheti cha usajili. Rehani ya nyumba nayo inaandikishwa kwa mhifadhi wa hati za ardhi. Tena Congo imo ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria yake haikubali mkataba unaosema nyumba ya makao itageuka ya mkopeshaji yenyewe, bila tribinali. Lakini deni ni deni. Karatasi mbovu haifuti feza iliyokopwa.

Basi tukakaa kama familia na kupima njia nne.

Ya kwanza, kuomba muda na kulipa kidogo kidogo kwa kodi ya nyumba. Wapangaji hawakuwepo. Ya pili, kumpa mkopeshaji nyumba na deni liishe. Hiyo inawezekana kama pande zote zinakubali na wanaandika kwamba hakuna kinachobaki. Lakini nyumba ilizidi deni. Ya tatu, kungoja tribinali iuze kwa mnada. Mkopeshaji analipwa na kinachobaki kinarudi kwa mwenye nyumba, ila gharama inakula, na bei ikiwa ndogo bado unadaiwa. Ya nne, kuuza wenyewe, mkopeshaji akiwepo.

Tulichagua ya nne. Mwalimu mmoja alinunua kwa dola 4,200, chini ya feza kaka aliyotia katika ujenzi. Siku ya malipo tulikuwa watu sita mezani, na chefu wa mtaa kama shahidi. Mkopeshaji alihesabu zake, akarudisha karatasi, akatia sahihi kwamba hadai tena. Zilizobaki zililipa karo ya watoto.

Wajomba wengine walinung'unika kwamba tumeuza jasho la marehemu. Ninawaelewa. Lakini jasho lake lilikuwa pia wale watoto, na leo wanalala bila mtu kugonga mlango.

Ndugu msomaji, kama karatasi zako ziko kwa mtu, usingoje kilio. Mwombe leo hesabu kwa maandishi: ulikopa ngapi, umelipa ngapi, inabaki ngapi. Mwonyeshe mke wako au mume wako. Na ukiuza, usimpe mkopeshaji feza mpaka umeona karatasi zako mezani.