Ndoana za rangi katika baridi ya Minnesota

Mwanzoni mwa Januari, jua huzama mjini Brooklyn Park kabla ya saa kumi na moja jioni. Theluji imefunika paa, magari na baiskeli ya mtoto iliyosahauliwa uani. Kwa familia nyingi za Wakenya waliohamia mji huu wa Marekani, ulio kaskazini mwa Minneapolis kando ya Mto Mississippi, huu ni msimu wa kujifungia ndani, kuchemsha chai ya maziwa na kupiga simu nyumbani.

Katika nyumba moja, baba mzaliwa wa Kisii ameketi chumba cha chini na bintiye wa miaka tisa. Meza imetandikwa gazeti. Juu yake kuna pini, vijiti vya kuchokolea meno, chupa tatu za rangi ya kucha na ndoana ishirini zenye vichwa vidogo vya madini. Dirisha limeachwa wazi kidogo, na baridi inayopenya hapo si ya mchezo.

"Baba, hii imeziba tena," binti anasema.

"Ichokoe sasa hivi mama, kabla haijakauka."

Ndoana za namna hii huitwa jigi. Wavuvi wa Pwani wanajua chubwi, kile kipande cha risasi kinachozamisha mshipi. Jigi ni kama chubwi na ndoana vilivyounganishwa: kichwa kizito kimemwagwa kuzunguka ndoana, na tundu la kupitishia mshipi limeachwa juu yake. Mvuvi huipandisha na kuishusha taratibu majini ili samaki adhani ni kidudu. Rangi husaidia kumvutia samaki, hasa pale mwanga unapokuwa hafifu chini ya barafu.

Shida ni lile tundu. Rangi hupenda kujikusanya humo, na ikikauka huwa kizibo. Nyumbani hilo ni jambo dogo. Lakini juu ya ziwa, nyuzi joto zikiwa ishirini chini ya sifuri, glavu zikivuliwa vidole hufa ganzi baada ya dakika chache tu.

Baba huyu alijifunza hivyo kwa taabu. Majira ya baridi yaliyopita, jirani yake, mzee mstaafu ambaye watoto wanamwita babu, alimpa kisanduku cha jigi za risasi alizotengeneza mwenyewe gereji, pamoja na kopo la rangi ya unga. Rangi hiyo hutumiwa hivi: kichwa hupashwa moto, huchovywa kwenye unga kwa sekunde moja au mbili, kisha huokwa katika oveni kwa nyuzi 177 hivi ili rangi ishike. Mzee alimwambia achokoe tundu rangi ikingali laini. Yeye aliona haraka, akaoka zote katika oveni ya jikoni, matundu yakiwa yamezibwa. Kuchokoa baada ya kuoka ni kazi mbaya, kwani rangi hupasuka na kuacha kingo kali zinazoweza kukwaruza mshipi.

Huko ziwani alijaribu kuzibua kwa ncha ya ndoana nyingine. Iliposhindikana, akatumia meno. Aliporudi nyumbani alisimulia mkasa huo akicheka.

Mama watoto hakucheka. Anafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa, alikuwa na ujauzito wa miezi minne, na kijana wao wa miaka miwili alikuwa katika ule umri wa kutia kila kitu mdomoni.

"Baba watoto, umeoka risasi kwenye oveni ninayookea chakula cha mtoto?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Risasi ikiingia mwilini huathiri ubongo wa mtoto unaokua, na huweza kupita kutoka kwa mama mjamzito hadi kwa mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Hatari haimo katika kuyeyusha peke yake. Vumbi hubaki mikononi, mezani na kwenye nguo, na mtoto huokota vumbi hilo sakafuni kisha akalamba vidole.

Kijana alipelekwa kupimwa damu. Marekani, tangu 2021, mtoto mwenye mikrogramu 3.5 au zaidi kwa desilita huhesabiwa kuwa anahitaji kufuatiliwa. Siku za kusubiri majibu, wazazi hao hawakuongea sana. Majibu yalipokuja, alikuwa chini ya kiwango hicho. Kisanduku cha risasi kilirudi kwa mzee, na oveni ikasuguliwa.

Mzee hakukasirika. Alikuwa amesikia habari za loon, ndege rasmi wa Minnesota, anayemeza vijiwe kutoka chini ya ziwa ili visage chakula tumboni. Akiokota jigi moja ya risasi akidhani ni kijiwe, inatosha kumuua.

Ndipo baba akanunua vichwa vya mchanganyiko wa bismuthi na stani, akanunua na oveni ndogo kuukuu ya kuweka gereji. Akaoka. Alipofungua mlango alikuta ndoana tupu na madimbwi yanayong'aa kwenye sinia, kwa sababu mchanganyiko huo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 138, ilhali risasi huhitaji 327. Kwa hiyo sasa ni rangi ya kucha, ambayo haihitaji moto. Ina harufu kali, ndiyo sababu ya dirisha kuwa wazi na mama na kichanga kuwa ghorofani.

Pini ni wazo la binti. Huipaka mafuta ya mgando kidogo, huipitisha tunduni kabla ya kupaka rangi, kisha huizungusha na kuichomoa kabla rangi haijakaza. Rangi hupakwa nyembamba, mara mbili au tatu. Zile anazosahau kuwekea pini ndizo anazolalamikia.

Jumamosi alfajiri wanaelekea kaskazini, mwendo wa karibu kilomita 150, hadi Ziwa Mille Lacs. Katika mji wa Garrison, ufukweni, limesimama sanamu kubwa la walleye, samaki rasmi wa jimbo tangu 1965. Babu anapima barafu kwanza. Kwa watembeao kwa miguu, angalau sentimita kumi za barafu safi na ngumu zinatakiwa. Leo ni nene kuliko hapo. Keekee inazama, maji meusi yanapanda, na vibanda vya wavuvi vinafuka moshi kwa mbali.

Baba anavua glavu, mikono inatetemeka. Binti anamnyang'anya jigi ya waridi, anapitisha mshipi mara moja, anafunga fundo na kurudisha vidole mfukoni.

"Ya pili?" anauliza.