Likizo na Ulimi wa Mtoto

Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, wazazi wengi nchini Kenya huulizana watoto watashughulishwa na nini. Wapo wanaowatafutia masomo ya ziada, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo hayo wakati wa likizo. Wapo wanaoiachia runinga kazi ya ulezi. Aghalabu anayesahaulika ni mtoto mwenye ulimi mzito: mwenye kigugumizi, mwenye kithembe, au aliyechelewa kuunda sentensi kama wenzake. Muhula mzima amehitimu katika somo moja tu, nalo ni kunyamaza ili asichekwe.

Kwa mtoto huyo, likizo ni neema. Nyumbani hakuna darasa lililofurika linalongoja akosee. Ni kweli kwamba wataalamu wa kutibu matatizo ya usemi ni wachache nchini. Lakini hata aliyebahatika kumwona mmoja wao hurudi na mazoezi ya kufanyia nyumbani. Mazoezi yenyewe hayahitaji fedha. Dakika kumi kila siku hufaa kuliko saa mbili za Jumamosi, kwani haba na haba hujaza kibaba. Sauti inayomshinda mtoto hutamkwa kwanza peke yake, kisha katika silabi, katika neno, na hatimaye katika sentensi: /r/, ra, rangi, "Rangi ya rinda ni nzuri." Akisema "gari", mama anayechagua mchele humwitikia, "Naam, gari jekundu linapita," bila kumlazimisha kuiga. Mwenye kigugumizi naye asimaliziwe neno wala asiharakishwe. Atazamwe kwa utulivu hadi atakapotua.

Fauka ya hayo, fasihi simulizi ina tiba yake. Nyanya anapoita jioni, "Kitendawili!" na wajukuu wakajibu, "Tega!", hata mwenye kigugumizi huitika bila kukwama, kwa maana wengi wenye tatizo hilo husema kwa wepesi wanaposema au kuimba pamoja na wengine.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba si kila kosa ni kasoro. Lugha ya Kikuyu haina sauti /l/. Mtoto aliyelelewa kwa lugha hiyo akisema "rara" badala ya "lala", hana ila yoyote. Anahitaji kuisikia sauti hiyo mara nyingi, si kukemewa. Lakini mtoto anayetimiza miaka miwili bila neno lolote apelekwe hospitalini apimwe masikio, maana asiyesikia ataiga nini? Udongo uwahi ungali maji.

Shule zifunguliwapo, huenda mtoto akawa bado hajaimudu kila sauti. Hilo lisimvunje mzazi moyo. Mtoto aliyesikilizwa nyumbani hadi mwisho wa sentensi yake ndiye atakayethubutu kuinua mkono darasani, na asiyethubutu kusema hawezi kujua kama ulimi wake umepona.