Dawati la Darasa la Tatu

Mwaka 1994 bibi yangu wa Bukoba aligoma kula samaki. Mto Kagera ulikuwa ukileta maiti kutoka Rwanda hadi Ziwa Victoria, na wengi wa mwambao ule waligoma kama yeye. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Nikaja kuwa mwalimu wa historia, nikafundisha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kwa ubao na chaki: siku 100, watu zaidi ya 800,000, mahakama ya Arusha, swali la mtihani. Rwanda yenyewe sikuwahi kuikanyaga.

Aprili 2024 nikavuka Rusumo kwa miguu. Masika yalikuwa yameyafanya maji ya mto kuwa rangi ya chai ya maziwa. Hapa, mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka kwa siku moja hivi kuja Ngara, wauaji wamejichanganya humo humo na wasio na hatia. Chini yao mto ulikuwa ukipitisha maiti. Ng'ambo nikarudisha saa yangu nyuma kwa saa moja, nikapanda gari linalopita kulia.

Mwenyeji wangu, mwalimu wa Kirehe, alinipeleka kijiji kimoja karibu na Nyarubuye, ambako maelfu waliokimbilia kanisani waliuawa. Wiki ya maombolezo wanakijiji hukutana kuzungumza. Tulikaa chini ya turubai, vijana mbele. Nilijikaza kusikia habari za mapanga. Mama aliyesimama akaanza na dawati.

"Nilikuwa darasa la tatu," alisema, mwenyeji wangu akininong'oneza kwa Kiswahili. "Mwalimu akasema Wahutu wasimame. Akawahesabu. Kisha Watutsi. Mimi nikabaki nimekaa, maana nyumbani hatukuwahi kuambiwa. Akanituma nikamuulize baba."

Kesho yake akasimama. Rafiki yake waliyekuwa wakiazimana kifutio akahamia dawati lingine.

Enzi hizo kabila liliandikwa hata kwenye kitambulisho, utaratibu ulioachwa na wakoloni wa Kibelgiji. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno hilo moja lilitosha kumuua mtu. Hayo nilikuwa nikiyafundisha kila mwaka, lakini mwalimu aliyehesabu, mtu wa chaki kama mimi, hakuwahi kunijia akilini.

Habari za kanisani alizisema kwa sentensi chache: jina la mumewe, majina ya wanawe wawili. Kisha akaketi. "Haya, ulizeni."

Mvua ilipiga turubai. Hatimaye binti mmoja aliyevaa sare za shule akainuka. "Mama, yule aliyehama dawati yuko wapi?"

Mama akakaza kitenge begani. "Anakaa kijiji hiki hiki. Leo kaja."

Hakunyoosha kidole, na hakuna kijana hata mmoja aliyegeuka kumtafuta.

Niliporudi kazini na kuifikia mada ile, ubao niliuacha mtupu. Niliwasimulia wanafunzi kisa cha kifutio. Kimya kidogo, kisha mkono ukainuka nyuma: "Mwalimu, yule mwalimu angekataa kuwahesabu, ingekuwaje?"

Nikaweka chaki mezani. Kengele ililia bado tunajibizana.