Nyumba ya paneli Gataka: hesabu niliyoifanya kabla ya kutoa deposit

Tangu ninunue ploti yangu ya futi 50 kwa 100 huku Gataka, kila mtu ananiuliza swali moja: utajenga lini? Zamani jibu lilikuwa rahisi, sina pesa. Sasa nina akiba kidogo, SACCO iko tayari kunikopesha mara tatu ya hiyo akiba, na muuzaji mmoja wa nyumba za zege zinazotengenezwa kiwandani amenipa karatasi ya bei: vyumba vitatu vya kulala, siku 45, unapewa funguo. Nimekaa na hiyo karatasi wiki mbili. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuelewane, maana huku jina "nyumba ya paneli" hubeba vitu viwili tofauti kabisa. Kuna paneli za EPS, kama zile National Housing Corporation ilizoanza kutengeneza katika kiwanda chake huko Mavoko. Katikati ni povu jeupe kama lile linalokuja na televisheni mpya kwenye katoni, na pande zote mbili kuna wavu wa waya. Watu wawili huinua moja bila shida. Ikishasimamishwa hupigwa simiti ndani na nje, papo hapo kwenye ploti. Halafu kuna zile za zege tupu, zinazomwagwa kiwandani, zikakauka, zikaletwa kwa lori ukuta mzima mzima. Karatasi yangu ni ya hizi za pili.

Nikapiga hesabu ya uzito. Zege lina takriban kilo 2,400 kwa kila mita moja ya ujazo. Ukuta wa unene wa sentimita 10, upana mita 3 na kimo mita 2.7 unafika karibu kilo 1,940. Hicho ni kipande kimoja! Bila kreni hakuna nyumba, na kreni inataka barabara. Anayejua vichochoro vya Gataka wakati wa mvua ya Aprili, na nyaya za umeme zilizolegea juu yake, ataelewa kwa nini swali langu la kwanza lilikuwa lori litapitia wapi. Jibu lilikuwa "hiyo tutaangalia". Kwenye karatasi, kreni haimo.

Jambo la pili ni viungo. Sisi waandika programu tunajua kwamba kila sehemu hufanya kazi vizuri ikiwa peke yake, matatizo huanza zinapokutana. Tarehe 16 Mei 1968, mlipuko wa gesi katika ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point, London, uliangusha kona nzima ya jengo hilo la ghorofa 22 na kuua watu wanne. Lilikuwa jengo la paneli, na lilipobomolewa miaka ya 1980 ilionekana viungo vilikuwa vimejazwa ovyo. Nyumba yangu ni ya chini, haiwezi kuporomoka namna hiyo, lakini maji ya mvua nayo hupitia hapo hapo kwenye viungo. Kwa hiyo nilipopelekwa Kitengela kuona nyumba ya maonyesho niliacha rangi na vigae, nikaangalia pembe, chini ya madirisha, na pale ukuta unapokutana na msingi. Zilikuwa safi, nakiri. Ila haikuwa imeona mvua hata msimu mmoja.

Soketi na mabomba ya nyaya lazima yapangwe kabla zege halijamwagwa. Ukitaka kebo ya intaneti chumbani baada ya hapo, unatoboa. Mimi hilo halinisumbui, ningechora kila kitu.

Kilichoninyima usingizi ni pesa, na sisemi jumla yake. Kwenye jedwali langu la Excel kuta hazifiki theluthi ya gharama yote. Msingi, paa, madirisha, tangi, choo, vyote viko vile vile uchague paneli au mawe. Na ploti yangu ina udongo mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hiyo ni kuuchimba na kujaza mawe na murram kabla ya lolote. Muuzaji ameandika "msingi ni wa mteja".

Sasa linganisha namna ya kulipa. Kwa mawe ya mashine kutoka Ndarugo, mtu hununua lori moja, fundi anapandisha kozi kadhaa, pesa ikiisha anafunika na kungoja. Kwa paneli ni asilimia 60 kabla ya kumwaga, 30 zikifika, 10 mwisho. Mkataba wangu wa kazi huhuishwa kila miezi sita. Usipohuishwa baada ya ile 60, nitakuwa na mkopo wa SACCO, wadhamini wangu watatu wakikatwa mshahara, na kuta zilizomwagwa kwa vipimo vyangu zimelala kwenye yadi ya mtu. Mawe yakibaki unamuuzia jirani. Ukuta wenye tundu la dirisha langu nani atanunua?

Lakini kujenga polepole nako hulipiwa. Karibu na ploti yangu kuna nyumba ya mawe iliyosimama usawa wa madirisha tangu nije, nyasi zimeota sebuleni, na mwenyewe bado analipa kodi ya nyumba Rongai. Siku 45 si maneno matupu kwa mtu kama huyo.

Kwa hiyo nilirudi kwa muuzaji na pendekezo: chumba kimoja, sebule na jiko, kitu ambacho akiba yangu inakiweza bila mkopo, ukuta mmoja uachwe tayari kuunganishwa baadaye. Akasema kazi ndogo hivyo hailipi gharama ya kreni. Nikamwomba basi masharti ya malipo yafuate hatua za kazi. Ameahidi kumwuliza bosi wake, na bei yake inaisha tarehe 30.

Jumamosi fundi anakuja kuchimba shimo la majaribio, tuone mwamba uko futi ngapi. Paneli au mawe, hilo shimo nalilipia mimi.