Njombe–Makambako: Kilometa 60, Saa Ngapi?

Kwa taarifa yako, mtoto wa mjini, toka Njombe mpaka Makambako ni kama kilometa 60 za lami tupu. Ukinyoosha uzi kwenye ramani zinabaki 54 hivi. Kindege kidogo kingemaliza kazi kwa robo saa, chai ikiwa bado ya moto. Tatizo ni kwamba hakuna ndege ya abiria kati ya miji hii. Kwa hiyo ni Hiace, Coaster na moyo wa subira.

Wenyeji watakwambia ni saa moja. Hawadanganyi, ila hapo ndipo wageni wanapoingizwa mjini: saa hiyo inaanza kuhesabiwa gari likishajaa, siyo pale wewe ulipokaa kwenye siti.

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilimsindikiza mama mdogo Mbeya. Alikuwa na miadi ya macho saa nne asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri tukawa stendi ya Njombe. Jamani, Julai ya kule siyo mchezo! Mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake inaingia mpaka kwenye soksi. Mpiga debe akaapa, "Bado wawili tu, tunaondoka!" Wawili hao walitafutwa dakika hamsini. Akipanda mmoja, mwingine anashuka kununua maandazi.

Kuanzia Kibena ukungu ukatumeza. Mashamba ya chai na miwati nilijua yapo kwa sababu nayajua tu, maana kioo kilikuwa cheupe kama maziwa. Dereva akawasha taa akaenda mwendo wa bibi harusi. Abiria wakamnung'unikia, mimi nikamshukuru kimoyomoyo.

Saa moja na dakika kumi tukashuka Makambako. Baridi imepungua kidogo, upepo umeongezeka mara mbili. Huu ni mji wa njia panda: barabara ya Songea inaikuta ile kuu ya Dar–Mbeya, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Reli hiyo ilijengwa mwaka 1970 hadi 1975, na kipande cha kupanda toka Mlimba mpaka Makambako kiliwatoa jasho kweli mafundi. Peke yake kina mahandaki 18.

Sasa ukitaka Mbeya asubuhi, Makambako unategemea gari la mwenzako. Zamani mabasi ya Dar yalikuwa yanapita mchana mchana. Tangu usafiri wa usiku uruhusiwe mwaka 2023, kuna yanayofika alfajiri, ila mengi yamejaa. Mawili yalitupita hivi hivi. Mama mdogo akaniuliza, "Mwanangu, hivi tumeshaondoka nyumbani au bado?"

Tukapata siti saa mbili kasoro. Saa nne ya miadi ilitukuta bado njiani. Mbeya tuliingia saa tano, nesi akamwambia, "Mama, subiri wenzako waliowahi waishe." Akaonwa saa tisa alasiri, njaa inamuuma, kitambaa kichwani hajakivua tangu stendi.

Miadi ijayo ni Oktoba. Safari hii tunakwenda kulala Makambako.