Kisu Kilichosomea Machimboni

Ukiuliza vijiweni Kahama ni nani aliyeua kazi ya uhunzi Usukumani, utajibiwa haraka: Mchina. Visu vyake vimejaa minadani, vimepangwa juu ya turubai, vyembamba na vya bei ya kutupa. Mimi nilikulia kwenye banda la kufulia chuma la baba mkubwa, nyuma ya nyumba yake, na ninachojua ni kwamba aliacha visu kabla hicho cha Kichina hakijafika mnadani kwetu. Kilichomtoa kwenye visu ni dhahabu. Na dhahabu hiyo hiyo ndiyo iliyomfundisha kutengeneza kisu bora kuliko alichorithi kwa babu.

Babu naye alikuwa ameshapoteza nusu ya kazi. Zamani, kati ya Geita na Biharamulo, Warongo waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na viriba, na majembe yao yakaja Usukumani kubadilishwa kwa mbuzi au kutolewa mahari. Mpaka leo ukilima pande zile jembe hugonga mavi ya chuma, mabonge meusi, mazito, yenye vitundu. Buhaya, kaskazini zaidi, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walionyesha mwaka 1978 kwamba wahunzi wa huko walikuwa wakipata chuma cha pua kwenye tanuri za udongo karibu miaka 2,000 iliyopita. Lakini jembe lililokuja kwa meli lilikuwa rahisi, tanuri zikazimwa, na baada ya uhuru likaja jembe la kiwanda cha UFI kutoka Ubungo. Mhunzi akabaki na vitu vidogo: visu, nyembe za kunyolea, vigumba vya mishale.

Chuma cha baba mkubwa kilitoka barabarani. Springi za malori zilizovunjika ndizo alizozipenda, maana zina kaboni ya kutosha kushika makali. Nondo aliikataa. “Hiyo ni ya kujengea, haina akili,” alisema, na hata leo nikiona mtu anauza kisu cha nondo namwangalia mara mbili. Fuawe lake lilikuwa kipande cha reli. Njia ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na nadhani tangu hapo hakuna mhunzi wa kwetu aliyepigia tena juu ya jiwe. Viriba vya ngozi ya mbuzi nilivikuta vimetundikwa tu. Upepo tuliupata kwa feni ya bati iliyozungushwa na rimu ya baiskeli, na mwenye kuizungusha nilikuwa mimi.

Kisu chake cha wakati huo, niseme kweli, kilikuwa cha kawaida. Alikifua, akakipasha mpaka kikawa chekundu, akakichovya chote kwenye maji, basi. Kingine kilipasuka. Kingine kilikuwa kigumu mno, kikimeguka kwenye mfupa. Kingine kilibaki laini. Hakuna aliyerudi kulalamika. Mama wa nyumbani kisu kikifubaa hukinoa kwenye jiwe la kusagia na kuendelea kukata mchicha. Hata mishale, iliyomletea wateja wengi pale Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, walipoanza pande za Kahama na Shinyanga mwaka 1982, haikumdai ufundi: kigumba kikishapiga, nani atakirudisha kwa fundi?

Mwamba ndio uliodai.

Dhahabu ilikuwapo tangu enzi za mkoloni. Geita palikuwa na mgodi tangu miaka ya 1930. Lakini mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 watu wa kawaida walimiminika Nyarugusu, Rwamgasa, Bulyanhulu, kila paliposikika rashi, yaani habari ya dhahabu mpya. Mchimbaji wa duara, yaani shimo la dhahabu, alikuwa na tochi, nyundo na moko, ile patasi ya chuma ya kuvunjia mwamba. Moko kwenye mwamba mgumu haimalizi siku. Jioni zinakuja kwa baba mkubwa zikiwa butu, zimefungwa kwa mpira kama kuni, na asubuhi wenyewe wanazitaka kabla ya kuingia shimoni. Wanalipa taslimu. Mkulima alikuwa akilipa baada ya pamba kununuliwa, na pamba ililipwa pale chama cha ushirika kilipopenda. Baba mkubwa alihamishia fuawe machimboni, nami likizo zote nikawa huko.

Mchimbaji, tofauti na mama wa mchicha, hurudi. Moko ikikatika ncha, anapanda na kipande mkononi, uso umejaa vumbi, na maneno yake hayaandikiki. Ikipinda, hivyo hivyo. Ndani ya msimu mmoja baba mkubwa alilazimika kujifunza ambacho visu havikumfundisha maisha yote, na aliyemwonyesha alikuwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana ya mgodi.

Unapasha moko mpaka sehemu ya chini iwe nyekundu. Unachovya ncha tu, kama upana wa vidole viwili, unaitoa. Sasa ncha ni ngumu kama kioo na itavunjika, lakini mwilini bado kuna moto. Unaisugua haraka kwa kipande cha jiwe mpaka ing'ae, halafu unatuliza mikono na kutazama. Moto unashuka kutoka mwilini kuelekea nchani na rangi zinatembea mbele yake: manjano hafifu, kahawia, zambarau, buluu. Zambarau ikigusa ncha, unazamisha yote. Ukichelewa kidogo buluu inapita na moko inakuwa laini. Kazi hii hufanywa kivulini, kwa sababu kwenye jua rangi hizo huzioni. Ndiyo maana banda la mhunzi halina dirisha, na mimi miaka yote nilidhani ni ubahili.

Aliporudi nyumbani, wachimbaji wadogo wakiwa wameondolewa Bulyanhulu mwaka 1996, alijaribu mbinu ile kwenye kisu. Ikagoma. Kisu ni chembamba, hakibaki na moto wa kushuka. Akapata njia nyingine: anakitia ugumu wote kwa mafuta machafu ya injini badala ya maji, kisha anapasha pande la ekseli mpaka liwe jekundu na kukilaza kisu juu yake kwa upande wa mgongo. Rangi zinatoka mgongoni kwenda kwenye makali. Manjano ikifika kwenye makali, anachovya. Mgongo umelegea, makali ni magumu. Kisu cha namna hiyo unakata mfupa wa shingo ya ng'ombe na hakimeguki.

Migodi mikubwa ikafunguliwa, Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Kwa wachimbaji wadogo zikaja kompresa na baruti, na moko ikapungua thamani. Binamu yangu aliyerithi banda anaishi kwa kuchomelea nyundo za karasha, zile za kusagia mawe, ambazo huisha upesi sana. Ana grinda, ana mashine ya kuchomelea, na kisu anakikata kwenye springi kwa dakika chache badala ya kukifua. Baba mkubwa angenung'unika. Mimi sioni tatizo, mradi kisu kipite kwenye ekseli, na kwake kinapita.

Wateja wake wa visu ni wenye mabucha wa Katoro na Kahama. Mpini wa mninga niliouzoea hawautaki tena; wanasema bwana afya akiona mti uliolowa damu anaanza maswali. Kwa hiyo binamu anapasha kipande cha bomba la maji la plastiki mpaka kilegee, anakivalisha kwenye shina la kisu, anakibana kwa koleo na kukimiminia maji. Ni mpini mbaya kuutazama. Nimemwambia, naye akanijibu, “Kaka, wewe unanunua?”